Kulipia Kufika Kazini

Shilingi 8,000 kwa mwezi ndizo tunazodaiwa sasa ili tuegeshe magari chini ya jengo tunamofanyia kazi. Sisi ni makarani, wahasibu, wapokeaji wageni, watu wa kompyuta na wasimamizi wadogo katika ofisi moja ya Upper Hill, Nairobi. Habari zilitufikia kwa karatasi iliyobandikwa kwenye lifti, halafu jioni ikaja barua pepe iliyorudia maneno yale yale. Mwenye jengo amepandisha kodi ya maegesho, kampuni haiwezi tena kuibeba, na kuanzia mwezi ujao fedha hizo zitakatwa moja kwa moja kwenye mshahara. Asiyetaka, arudishe stika ya gari kwa walinzi.

Tumeamua kusema kwa pamoja kwa sababu kila anayelalamika peke yake huambiwa auze gari apande matatu. Wanaotoa ushauri huo wana nafasi zao za kuegesha, zimeandikwa vyeo vyao ukutani kwa rangi nyeupe, na hawatalipa chochote.

Tuanze na hesabu, maana ndipo panapouma. Mwenzetu anayelipwa shilingi 60,000 hazioni zote. SHIF, bima ya afya iliyoanza Oktoba 2024, inachukua asilimia 2.75, yaani 1,650. Ada ya nyumba za bei nafuu ni asilimia 1.5, hizo ni 900. NSSF, akiba ya uzeeni, inakwenda na 3,600. Kodi ya mshahara, hata baada ya ile nafuu ya 2,400, inakaribia 8,540. Mkononi zinafika kama 45,300, na hapo sacco haijachukua marejesho ya mkopo, ambao kwa wengi wetu ndio ulionunua hilo gari lenyewe. Ukiondoa 8,000 za maegesho, zaidi ya sehemu moja ya sita ya alichobakiwa nacho imekwenda. Kwa mwaka ni shilingi 96,000. Hakuna hata mmoja wetu aliyepewa nyongeza ya kiasi hicho mwaka huu.

Mama mmoja wa idara ya hesabu, mjane mwenye watoto wawili shuleni, alitufungulia daftari lake la matumizi wakati wa chakula cha mchana. Ni daftari la shule la kurasa 96, na kila mwezi una ukurasa wake. Juu ameandika kodi ya nyumba, kisha karo, mshahara wa dada wa kazi, gesi, tokeni za stima, maji ya bauza, unga na mafuta ya kupikia, nauli ya kijana mkubwa, dawa za presha za mama yake kijijini, chama. Mstari wa mwisho umeandikwa "dharura", na mbele yake kuna shilingi 3,000. Alikuwa amekwisha kuzikata kwa kalamu nyekundu. Zilizobaki, 5,000, alikuwa akizitafuta katika mistari ya juu, kidole kikipanda na kushuka. Karo haiguswi. Dawa haziguswi. Dada wa kazi akipunguziwa ataondoka, na akiondoka mama huyu hataweza kufika kazini hata hayo maegesho yakiwa ya bure. Kidole kikasimama kwenye chama, mchango wa kupeana kwa zamu. Anayejua chama cha akina mama anajua maana yake: ukikosa kutoa mwezi mmoja unachelewesha zamu ya mwenzako, na ukikosa miwili jina lako linaanza kusemwa. Fedha zake za kulipia muhula wa kwanza wa kijana zilikuwa zitoke kwenye zamu yake.

Swali la kwa nini tuna magari tunalijibu bila haya. Wengi wetu tunaishi Kitengela, Athi River, Rongai, Ruiru na Juja, kwa sababu huko ndiko kodi inakokaribiana na mishahara yetu. Kutoka Kitengela hadi Upper Hill kwa matatu ni magari mawili, na wakati mwingine matatu. Nauli ya asubuhi haina bei inayojulikana. Mvua ikidondoka tu, makanga anataja nyingine na huna la kufanya, kwa kuwa nyuma yako kuna foleni ndefu iliyo tayari kuilipa. Mzazi anayempeleka mtoto shule ya chekechea saa kumi na mbili unusu kisha afike kazini saa mbili hawezi kuyafanya hayo kwa matatu mbili na pikipiki. Wenzetu wa zamu ya jioni hutoka saa tatu usiku. Wanawake kati yao wametuambia wazi kwamba hawawezi kusimama stejini saa hiyo, na wametaja mambo yaliyowapata ambayo hatutayaandika hapa. Yupo pia mwenzetu anayetembea kwa magongo. Kwake gari ndiyo njia pekee ya kufika, na tangazo halikusema neno moja kuhusu watu kama yeye.

Magari yenyewe ni Vitz, Demio na Probox zilizokwisha kutumika Japani, zilizoletwa kabla hazijatimiza miaka 8 kama sheria ya Kenya inavyotaka, nasi tukazinunua hapa baada ya mtu mwingine au wawili kuzitumia. Kuziendesha hakujawahi kuwa rahisi. Julai 2023 kodi ya VAT kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16, na ilipofika Septemba lita moja ya petroli Nairobi ikapita shilingi 200. Julai 2024 ushuru wa kukarabati barabara ukapanda kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa lita. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuja pia na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua shilingi 5,000. Hiyo iliondolewa, na mswada wote ukaachwa baada ya vijana kuingia barabarani mwezi wa Juni. Tulifikiri angalau upande huo tumepumua. Hatukujua kwamba kodi nyingine ya gari ingetujia kutoka kwa mwajiri.

Kuna anayeuliza kwa nini tusiegeshe nje. Katikati ya jiji, ada ya kaunti kwa siku ilikuwa shilingi 140 hadi serikali ya kwanza ya kaunti, chini ya Evans Kidero, ilipoifikisha 300. Mrithi wake, Mike Sonko, akaishusha hadi 200. Mwishoni mwa 2019 likaja jaribio la kuipandisha hadi 400, mahakama ikalizuia. Mwaka 2023 ikarudi 300. Mtu anayefanya kazi siku 22 kwa mwezi akilipa 300 kila siku anatoa 6,600, tena gari likae juani siku nzima kando ya barabara na yeye akimbie kwenye simu kulipa kabla gurudumu halijafungwa. Nafuu ya 1,400 inamezwa mara moja na kioo cha pembeni kitakachong'olewa. Nairobi kila mtu analijua hilo. Ndiyo maana unaona magari yamechongwa namba za usajili kwenye vioo na kupigwa ribiti, na bado vioo vinang'olewa.

Linalotukera zaidi sisi wa Upper Hill ni historia ya mahali penyewe. Mlima huu ulikuwa wa nyumba za makazi, nyingi zikiwa za wafanyakazi wa reli, zenye bustani na miti mikubwa. Benki, kampuni za bima na mashirika zilianza kuhamia huku zikikimbia msongamano wa katikati ya jiji, na sababu mojawapo iliyotajwa waziwazi ni kwamba kule hakukuwa na mahali pa kuegesha. Maegesho ndiyo yaliyoyaleta majengo haya. Wazee waliohama na kampuni yetu wanakumbuka walivyoambiwa siku ya kuhama: mtakuwa mbali kidogo na steji, lakini kila mwenye gari atakuwa na mahali pa kuliweka. Kwa ahadi hiyo watu walichukua mikopo. Mmoja wao sasa amebakiza miaka michache astaafu, na anauliza ahadi ile ilikufa lini na nani aliizika.

Sasa tunaishi kwa mbinu, na mbinu kila moja ina bei yake.

Inayotusaidia zaidi ni kupanda gari moja. Wanne wa upande wa Kitengela wamekubaliana: wiki hii gari la huyu, wiki ijayo la yule, na kila mmoja anamtumia mwenye gari hela ya mafuta kwa M-Pesa Jumapili usiku. Wanaondoka saa kumi na moja na robo alfajiri ili wapite Mlolongo kabla barabara haijafunga. Stika ni moja, ada wataigawana kwa nne, 2,000 kila mtu. Kwenye karatasi ni jambo zuri sana. Lakini mwisho wa mwezi mhasibu hufunga vitabu hadi saa mbili usiku, na watatu waliobaki ama wamngoje kwenye viti vya mapokezi watoto wakilala bila kuwaona, ama wapande matatu na kulipa mara mbili. Mtoto wa mmoja akiugua, wote wanne wamechelewa. Kuna na jambo la bima ambalo wengi hawalifikirii: bima ya gari la binafsi hailindi kubeba abiria kwa malipo. Likitokea la kutokea pale Mombasa Road na kampuni ya bima ikaziona zile fedha za kila Jumapili, inaweza kusema hilo gari lilikuwa likifanya biashara. Kuchangia mafuta si biashara, sisi tunajua hivyo. Je, mpelelezi wa bima ataona hivyo?

Wengine huacha gari njiani, kwenye kiwanja cha mtu au palipo na waosha magari, wakalipa kidogo kwa siku na kumalizia safari kwa matatu. Pale sharti ni uache ufunguo, kwa sababu magari hupangwa yakazibana na lazima yasogezwe. Mwenzetu mmoja alirudi jioni akakuta mshale wa mafuta umeshuka na kiti kimesogezwa mbele. Alilalamika, akaambiwa kuna karatasi getini inayosema kila mtu anaegesha kwa hasara yake mwenyewe. Hajaliacha gari pale tena. Sasa hufika Upper Hill kabla ya saa kumi na mbili kuwahi ukingo mmoja wa barabara, hulala ndani ya gari hadi saa mbili kasoro, kisha huingia kazini amevaa shati lililokunjamana. Mtu wa miaka arobaini na kitu, mwenye shahada, analala kwenye kiti cha gari kila asubuhi ili watoto wake wapate maziwa. Tunaomba wakuu walitazame hilo kama lilivyo.

Tulipokwenda idara ya wafanyakazi, tulimwomba Mama yule wa hesabu atuongoze, kwa kuwa yeye ni mkubwa wetu na hapayuki. Kijana wa idara ile alisimama kumpokea.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba mwanangu. Tumekuja kuhusu maegesho."

"Mama, mimi sikuamua. Nimeagizwa tu."

"Najua hukuamua. Na wewe unaegesha wapi?"

Alikaa kimya kidogo, akasema gari lake limo kwenye orodha ile ile ya wanaokatwa. Kisha akatueleza msimamo wa wakuu: maegesho ni hisani ya kampuni, si haki ya mfanyakazi, kwa hiyo hisani inaweza kuondolewa wakati wowote.

Tumeisoma Sheria ya Ajira ya 2007 na hatukubaliani naye. Kifungu cha 10 kinasema masharti yaliyoandikwa ya ajira yakibadilika, mwajiri ashauriane na mfanyakazi, arekebishe mkataba na amjulishe kwa maandishi. Baadhi yetu barua zetu za kuajiriwa zinataja maegesho waziwazi. Kwa hao hoja ya hisani haisimami. Kifungu cha 19 nacho kinataja ni makato yapi yanaruhusiwa kwenye mshahara, na kinaweka mpaka: jumla ya makato isizidi theluthi mbili. Wapo kati yetu ambao kwa mikopo ya sacco wameshaufikia ukingo huo. Kampuni ikiwakata hizi 8,000 itakuwa imeuvuka. Karatasi ya kwenye lifti haikutaja mashauriano, na hatujamwona mtu yeyote aliyetia sahihi kukubali akatwe.

Tumekubaliana tuwe wakweli pia kuhusu wasio na magari. Walinzi wa lango, wafagiaji na wapishi wa kantini wanapanda matatu kila siku, na wengine wanatembea kutoka Kibera wakipita Mbagathi alfajiri. Nauli imewala kwa miaka na hakuna aliyebandika karatasi kwa ajili yao. Mmoja wa wafagiaji alituambia hivi: "Nyinyi mnalilia pa kuweka gari, mimi nalilia nauli ya kurudi." Ana haki. Ndiyo maana hatuombi turudishiwe maegesho ya bure halafu mambo yaishe. Kama kampuni inataka kukusanya fedha kwa wenye magari, basi zionekane zikiwasafirisha wafanyakazi. Zamani ofisi nyingi za Nairobi zilikuwa na basi la wafanyakazi. Baadhi ya ofisi zinazofanya kazi usiku zingali nalo. Basi moja likipita Mombasa Road na jingine Thika Road, wengi wetu tungeyaacha magari nyumbani bila kusukumwa.

Wapo waliofanya hivyo kwa mji mzima. Huko Uingereza, mji wa Nottingham ulianza Aprili 2012 kutoza ada ya maegesho ya kazini. Anayedaiwa na sheria ni mwajiri mwenye nafasi 11 au zaidi, na mwaka wa kwanza ilikuwa pauni 288 kwa kila nafasi kwa mwaka mzima. Mwajiri anaweza kumsukumia mfanyakazi, na wako wanaosukuma, kwa hiyo manung'uniko na kule yapo. Lakini nafasi za watu wenye ulemavu hazitozwi, na fedha zilisaidia kujenga njia mpya za tramu zilizofunguliwa 2015. Mtu anayelalamika anaweza angalau kupanda kile alicholipia. Sisi 8,000 zetu zinakwenda kwa mwenye jengo. Hazitajenga steji, hazitaweka taa kwenye kijia cha kuteremkia Ngong Road, wala hazitamwongezea mlinzi wa lango shilingi.

Na hata ndani ya ofisi yenyewe, mzigo umepangwa kinyume. Anayepokea zaidi ya shilingi laki nne ana nafasi iliyo kwenye mkataba wake, karibu na lifti, na haikatwi. Anayepokea 60,000 atalipa 8,000 aegeshe orofa ya tatu chini ya ardhi, kwenye maji yanayovuja. Kama kodi ya maegesho imepanda, imepanda kwa nafasi zote za jengo, zile za karibu na lifti zikiwemo. Kwa nini aliye chini ndiye alipie na ya aliye juu? Hilo tumeliuliza mara nyingi na hatujajibiwa. Tukijibiwa tu hilo, hata kwa jibu tusilolipenda, tutajua tunazungumza na watu wanaotuheshimu.

Mapendekezo yetu tumeyapeleka kwa maandishi, yametiwa sahihi na watu wa idara zote, wenye magari na wasio nayo. Makato yasimamishwe hadi mashauriano yafanyike. Ada yoyote itakayokubaliwa ipande kulingana na mshahara, na wakuu walipe yao. Wenye ulemavu, wa zamu ya usiku na wazazi wa watoto wachanga wasitozwe. Gari linalobeba wanne au zaidi liegeshwe bure. Fedha zitakazokusanywa ziende kwenye basi la wafanyakazi, na hesabu zake zibandikwe kwenye lifti ile ile. Tumetaka pia tuonyeshwe barua ya mwenye jengo inayosema kodi imepanda kwa kiasi gani, maana mpaka sasa tumeisikia tu.

Mishahara huandaliwa tarehe 25. Tumeomba jibu la maandishi kabla ya hapo, na Mama wa hesabu, ambaye mishahara hiyo hupita mezani kwake, ameomba aandikiwe kwa jina sheria au mkataba unaomruhusu kuingiza makato hayo kwenye mfumo.